Linux kwenye laptopu ya GB 4: servisi zipi uzime, zipi uziache zilale

Wakuu habari za saa izi. Kuna swali naulizwa karibu kila nikimwekea mtu Linux, hasa hawa wenye laptopu za mtumba zenye RAM GB 4. "Kaka nimechungulia humu ndani kuna vitu kibao vinajiendesha vyenyewe, sijui avahi, sijui colord, sijui ModemManager, vyote hivi vya nini, si nizime tu mashine iwe nyepesi?" Na ukienda kutafuta mtandaoni unakutana na orodha ndefu ya zima hiki zima kile, mtu anakopi anabandika kwenye teminali bila kusoma, kesho yake anarudi anasema flashi haifunguki, betri haionyeshi asilimia, na hajui kati ya vile vitu kumi na tano alivyozima kipi ndo kimemharibia.

Mimi mwenyewe niliwahi kufanya hivo miaka ya nyuma na nikaishia kuweka mfumo upya, kwa hiyo nataka tulifanye taratibu, hatua moja baada ya nyingine, na kila hatua ujue unafanya nini na unarudije nyuma. Ntatumia Ubuntu na Linux Mint mana ndo wengi wanazo, ila Debian na Fedora amri karibu zote ni zilezile.

Kabla ya kugusa chochote

Servisi ni programu inayojiendesha yenyewe nyuma ya pazia, na ikiwa imekaa tu inasubiri kuitwa haili chochote cha maana. Imelala. Prosesa haiigusi, na RAM inayoshika mara nyingi ni megabaiti chache tu, wakati ukurasa mmoja wa YouTube kwenye brauza unakula mia na zaidi. Ukizima Bluetooth, printa, avahi (ya vifaa kujuana kwenye mtandao) na colord (ya rangi za skrini na printa) zote kwa pamoja alafu ukafungua brauza, ulichookoa kinamezwa hata kabla ukurasa wa kwanza haujamaliza kufunguka. Sikukatishi tamaa, nataka tu nguvu zako uziweke mahali penye faida.

Hii tabia ya kukata servisi ina historia yake. Zamani Linux ilikuwa inawasha servisi kwa foleni, moja ikimaliza ndo inayofuata inaanza, kwa hiyo ukipunguza tano foleni inafupika kweli na mtu anaona tofauti kwa macho. Alafu 2010 Lennart Poettering na Kay Sievers wakaanzisha systemd, programu inayowasha na kusimamia servisi zote (amri yake ndo systemctl), Fedora ikaichukua 2011 kwenye toleo la 15, na 2015 Debian 8 na Ubuntu 15.04 nazo zikahamia huko. Systemd inawasha vitu vingi kwa mpigo, na vingine haiviwashi kabisa mpaka mtu abishe hodi. Ushauri wa enzi za foleni ukabaki unazunguka mtandaoni mpaka leo, na watu wanaufuata kwenye mashine ambazo hazina hiyo foleni tena.

Kwa hiyo badala ya kuuliza "hii servisi inahitajika?" mimi nauliza "hii servisi inanigharimu nini?" Na gharama ziko nne tu: RAM ya maana, muda wa kuwaka, mlango ulioachwa wazi kwenye mtandao, na bando. Kama haigusi hata moja kati ya hizo nne, iache ilale.

Hatua ya 1: tunza hali ilivyo sasa

Hii watu wanairuka na ndo inayookoa. Fungua teminali uandike:

systemctl list-unit-files --state=enabled > ~/kabla.txt

Hapo umepata faili lenye kila kitu kilichoruhusiwa kuwaka chenyewe. Lihifadhi hata kwenye simu. Pia fungua faili jingine la kawaida kabisa uliite nilichozima.txt, kila utakachozima andika jina na tarehe. Utajishukuru miezi mitatu mbele printa ya ofisini itakapokataa.

Alafu ona zinazokimbia muda huu:

systemctl list-units --type=service --state=running

Utaona majina thelathini au zaidi. Usishtuke, ni kawaida kabisa.

Hatua ya 2: pima, usikisie

RAM kwanza. Andika free -h, na jicho liangalie safu ya mwisho iliyoandikwa available, sio ile ya free. Linux inatumia RAM iliyolala kuhifadhi mafaili uliyoyafungua karibuni na inaiachia programu ikiihitaji, kwa hiyo free ikionyesha kidogo haimaanishi umeishiwa. Nimeona mtu anahangaika usiku kucha kuzima vitu kwa sababu ya ile namba ya free na mashine yake ilikuwa haina shida yoyote.

Sasa nani anakula:

ps aux --sort=-rss | head -15

Kwenye laptopu nyingi nilizoshika juu kabisa ni brauza, kisha desktopu yenyewe, gnome-shell au cinnamon. Ukitaka kujua servisi moja inashika kiasi gani andika systemctl status bluetooth, kuna mstari wa Memory. Jaribu na cups (ya printa), avahi-daemon, colord, ujionee mwenyewe ni kiasi gani tunachogombania.

Muda wa kuwaka:

systemd-analyze
systemd-analyze blame
systemd-analyze critical-chain

Hapa kwenye blame ndo wengi wanapotea. Inakupa orodha ya servisi na sekunde zake, mtu anaona plymouth-quit-wait sekunde 12 anasema huyu ndo mchawi. Hapana, ile inasubiri tu picha ya mwanzo iondoke, haifanyi kazi yoyote, ukiizima hupati hata sekunde moja. Servisi zinaenda kwa pamoja kwa hiyo kuchukua muda mrefu sio lazima iwe inamchelewesha mwenzake. Inayokwambia nani anamsubirisha nani ni critical-chain, iamini hiyo zaidi. Na kama kernel pekee, yaani kiini cha Linux, inachukua sekunde kumi na tano, au diski ni ile ya kuzunguka, basi jibu lako ni SSD, hakuna servisi utakayozima ikafanana na kubadilisha diski.

Mwisho angalia milango:

sudo ss -tulpn

Soma safu ya anwani ya hapa kwako. Ikianza na 127.0.0. huyo anaongea na mashine yako tu, hana shida. Ikiwa 0.0.0.0 au nyota au [::] maana yake yeyote aliye kwenye waifai moja na wewe anaweza kugonga. Kama unashinda kwenye waifai ya chuo, ya hosteli au ya hotelini, hii orodha ina maana kuliko ile ya RAM.

Hatua ya 3: jua tofauti ya kuzima, kuzuia na kufungia

sudo systemctl stop jina inazima saivi tu, ukiwasha mashine inarudi. Hii ndo ya kujaribia, anza nayo siku zote.

sudo systemctl disable --now jina inazima saivi na haitawaka yenyewe kesho, ila programu nyingine ikiihitaji inaweza kuiamsha.

sudo systemctl mask jina inafungia kabisa, hata programu nyingine ikiomba inakataliwa. Nyundo hiyo. Usiipige kwenye kitu usichokijua.

Kurudisha ni enable --now na unmask, basi.

Kitu kingine, servisi nyingi zina mlinzi wa mlangoni anaitwa soketi. Ukisimamisha cups.service peke yake, cups.socket bado iko macho, programu ikitaka kuprinti inaiamsha upya, na mtu anadhani Linux imekaidi. Systemd yenyewe inakuonya kwamba kuna kitu bado kinaweza kuiamsha, soma ule ujumbe usiupite.

Na kabla ya kuzima chochote uliza nani anakitegemea:

systemctl list-dependencies --reverse avahi-daemon.service

Zima kimoja, tumia mashine siku mbili tatu kama kawaida, printi, chomeka flashi, lalisha laptopu uiamshe, ndo uende kingine. Najua inachosha ila ndo njia pekee ya kujua kilichoharibu ni kipi.

Hatua ya 4: anza na ulivyoviweka mwenyewe

Hapa ndo penye mali na hakuna orodha ya mtandaoni inayokwambia. Servisi zinazokula kweli mara nyingi hazikuja na Ubuntu, ni wewe uliziweka siku unajifunza kitu. Mtu alifuata somo la PHP mwaka jana akaweka Apache (seva ya tovuti) na MySQL (hifadhidata), akaacha somo, vile vitu viliendelea kuwaka kila asubuhi mpaka leo. MySQL 8 ikikaa tu bila kazi inashika mamia ya megabaiti, peke yake ni zaidi ya Bluetooth, cups, avahi na colord ukizijumlisha. Ukiongeza PostgreSQL, MongoDB na Docker kwenye mashine ya GB 4 umebaki na nini?

Zikague:

systemctl list-unit-files --state=enabled | grep -Ei 'mysql|mariadb|postgres|mongo|apache|nginx|docker|ssh|redis|samba|smbd'

Huna haja ya kuziondoa, ziambie tu zisiwake zenyewe:

sudo systemctl disable --now mysql apache2

Siku ya kazi unaandika sudo systemctl start mysql apache2, unafanya yako, ukimaliza stop. Docker ina njia nzuri zaidi: zima docker.service ila acha docker.socket, alafu siku ukiandika amri ya kwanza ya docker inaamka yenyewe. Kumbuka tu kwamba kontena ulizoziambia ziwake zenyewe nazo zitasubiri mpaka hapo.

SSH, ile ya kuingia kwenye mashine kutoka mashine nyingine, nayo iangalie kwa makini. Ubuntu ya desktopu haiji na seva ya SSH, ila wengi wanaiweka siku moja wahamishe faili kati ya mashine mbili alafu wanasahau, na pasiwedi ni 1234. Kwenye waifai ya watu wengi huo ni mlango uliourudishia bila kufunga. Kama huitumii zima ssh.service pamoja na ssh.socket. Apache nayo ikiwa wazi kwa kila mtu ni hivo hivo, na Samba kama ulishiriki folda moja na mwenzako wa chumba mwaka juzi.

Hatua ya 5: zile za hiari zinazokuja na mfumo

Sasa tuzungumze zile ambazo kila mtu anaziulizia.

Printa, yaani cups na cups-browsed. Hebu jiulize, unaprinti nyumbani? Wengi wetu tunatoa PDF tunaipeleka stesheneri. Kuhifadhi kama PDF kutoka LibreOffice au Firefox hakuhitaji cups kabisa, kwa hiyo usiogope. RAM utakayookoa ni ndogo, sababu yangu ni ya usalama. Septemba 2024 mtafiti wa Italia, Simone Margaritelli, alionyesha kwamba cups-browsed ilikuwa inasikiliza poti 631 ya UDP kutoka kwa yeyote na kuamini inachoambiwa, mtu anaweza kukusajilia printa ya uongo, na siku ukituma kazi kwenye hiyo printa amri zake zinakimbia kwenye mashine yako. Marekebisho yalitoka, lakini kama huprinti kwanini ubaki nayo?

sudo systemctl disable --now cups-browsed.service
sudo systemctl disable --now cups.service cups.socket cups.path

Kama unaprinti, hata mara moja kwa wiki, acha cups. Cups-browsed unaweza kuizima mara nyingi na printa ya USB ikaendelea vizuri tu, jaribu.

Avahi. Hii ndo inayofanya vifaa vya kwenye mtandao mmoja vijuane bila kuandika namba za IP, inasikiliza poti 5353. Kama una printa ya waifai inahitajika, hizi printa mpya zisizotaka draiva zinaonekana kupitia yenyewe. Kama unatumia laptopu peke yako na hotispoti ya simu, haikufanyii kitu. Kwa mtu wa hosteli mwenye waifai ya pamoja mimi naizima, mana inatangaza jina la mashine yako kwa kila mtu:

sudo systemctl disable --now avahi-daemon.service avahi-daemon.socket

ModemManager. Hapa orodha za Ulaya na Marekani zinatupotosha kabisa. Kule wanasema zima, nani anatumia modemu siku izi. Huku kwetu modemu za USB za laini bado zipo nyingi tu, kuna watu ndo intaneti yao ya kila siku, wakizima hii modemu inakuwa kipande cha plastiki. Kama unachomeka modemu ya laini, au laptopu yako ina sehemu ya laini ndani, IACHE. Kama intaneti yako ni waifai au unaunganisha simu kwa kebo ya USB, zima bila wasiwasi, simu kwa kebo inaonekana kama kadi ya mtandao ya kawaida haihitaji ModemManager. Na kwa wanafunzi wa elektroniki wenye Arduino, hii servisi ina sifa ya kwenda kuchokonoa kila kifaa cha seriali kinachochomekwa ikidhani ni modemu, matoleo mapya yametulia kiasi ila kama bodi yako inakataa kupakiwa programu sekunde za mwanzo, jaribu kuisimamisha kwanza uone.

Bluetooth. Ikikaa bure inakula kidogo sana. Kama hoja ni betri, afadhali uzime redio yenyewe kwa rfkill block bluetooth, au kitufe cha kwenye desktopu. Kama huna kifaa hata kimoja cha Bluetooth, disable, hakuna kitakachoharibika.

NetworkManager-wait-online. Hii ndo mara nyingi inayoonekana juu kabisa kwenye blame. Kazi yake ni kusubiri mpaka mtandao uwe umeunganika ndo iwaruhusu wengine, na mtandao ukichelewa inaweza kusubiri hadi dakika nzima. Kwa laptopu ya nyumbani ambayo haifungui folda za mtandaoni wakati inawaka, zima:

sudo systemctl disable NetworkManager-wait-online.service

Jina linafanana ila hii sio NetworkManager yenyewe! Soma mara mbili kabla ya kubonyeza enta. Na kama kazini mna folda za NFS au za seva zinazofunguka mashine ikiwaka, iache mana ndo inazisubirishia mtandao.

Kiranja wa kutafuta mafaili. Hii kwa mashine yenye diski ya kuzunguka ni habari kubwa kuliko zote nilizotaja hapo juu. Kwenye GNOME, desktopu ya Ubuntu, inaitwa tracker-miner-fs-3, na kuanzia GNOME 47 jina likawa localsearch-3. Inapita kwenye mafaili yako inasoma majina na yaliyomo ili ukitafuta upate haraka. Ukimwaga picha na video GB 50 kwenye folda zako, taa ya diski haizimiki na mashine inakwama. Kabla ya kuizima ingia kwenye Settings, sehemu ya Search, uondoe zile folda nzito, mara nyingi hiyo inatosha kabisa. Kama hutafuti mafaili kwa jina kamwe:

systemctl --user mask tracker-miner-fs-3.service

Zingatia hapo hakuna sudo na kuna --user, mana hii ni servisi ya mtumiaji sio ya mfumo, na ndo sababu watu wakiitafuta kwenye orodha ya kawaida hawaioni. Orodha ya upande huo unaipata kwa systemctl --user list-units --type=service. Wenye desktopu ya KDE (Plasma) wana ya kwao inaitwa Baloo, kwenye Plasma 6 unaandika balooctl6 disable, kwenye Plasma 5 ni balooctl disable. Mint ya Cinnamon haiji na tracker kwa hiyo hapo pita.

Apport, whoopsie na kerneloops zinakusanya taarifa programu ikianguka. Zinasaidia watengenezaji, lakini kwa mashine dogo ukizizima hukosi chochote kwenye matumizi yako ya kila siku. Switcheroo-control ni ya mashine zenye kadi mbili za picha, thermald ni ya kudhibiti joto kwenye prosesa za Intel. Nyingine kama colord na rtkit zimelala tu, ziache, na rtkit ndo inayoipa sauti kipaumbele, ukiizima muziki unaweza kuanza kukwaruza ukifungua vitu vingi.

Hatua ya 6: bando

Kwetu huku hii ndo gharama inayouma, mana RAM ukiiwasha upya inarudi ila bando likiisha limeisha. Wanaovuta data kimyakimya ni apdeti. Snap, moja ya njia za Ubuntu za kuweka programu, inakagua mara nne kwa siku, apt nayo ina saa zake, na GNOME Software kwenye Fedora na Debian inaweza kupakua apdeti nzima kabla hata hujaulizwa.

Watu wengi hapa wanazima kila kitu cha apdeti, na mimi nakataa kabisa. Unakaa mwaka mzima na brauza yenye mashimo huku humo humo unaingia kwenye akaunti ya benki. Njia sahihi ni kuuambia mfumo kwamba huu mtandao unalipiwa kwa kiasi. Angalia jina la mtandao wako:

nmcli connection show

Alafu:

nmcli connection modify "Jina la hotispoti" connection.metered yes

Hotispoti za Android mara nyingi NetworkManager inazitambua yenyewe, ila mimi naandika kwa mkono nisikisie. Kisha kwa Ubuntu:

sudo snap set system refresh.metered=hold

Na kwa wenye GNOME Software:

gsettings set org.gnome.software download-updates false

Unattended-upgrades iache iwake, ndo inaleta marekebisho ya usalama na inajua kuruka mtandao wa kulipia kwa kiasi. Siku ukipata waifai ya bure ya ofisini au chuoni, unafanya sudo apt update && sudo apt upgrade na sudo snap refresh, umemaliza. Snapd yenyewe usiiondoe kwa hasira kwenye Ubuntu, kuanzia 21.10 Firefox inakuja kama snap, ukiing'oa snapd na brauza inaondoka nayo na hapo utaipakua na nini?

Hatua ya 7: hizi usiguse

dbus, polkit, systemd-logind, systemd-udevd, systemd-journald, NetworkManager, wpa_supplicant, udisks2, upower, apparmor, na gdm au lightdm au sddm kutegemea mfumo wako. Dbus na logind ni mifupa, ukizikata hakuna kuingia. Udisks2 ndo inafungua flashi, upower ndo inajua betri, wpa_supplicant ndo waifai yenyewe. Fstrim.timer nayo iache, ni ya SSD, inaamka mara moja kwa wiki inafanya kazi yake inarudi kulala.

Na saa. Systemd-timesyncd, au chrony kwenye matoleo mapya ya Ubuntu, watu wanaiona wanasema saa naweza kuweka mwenyewe. Kuna jamaa yangu ana laptopu ya mtumba, ile betri ndogo ya ndani inayotunza saa imekufa, akafuata orodha moja akaizima timesyncd. Siku umeme umekatika na betri kubwa ikaisha, kuwasha tena tarehe ikarudi nyuma miaka. Tovuti zote zikaanza kusema muunganisho sio salama, Gmail inakataa, apt inagoma kwamba mafaili bado hayajaanza kutumika. Akanunua bando mara mbili akidhani mtandao ndo mbovu. Vyeti vya tovuti vinakaguliwa kwa tarehe, tarehe ikiwa uongo kila kitu kinaonekana feki. Tukairudisha timesyncd kwa amri moja, dakika mbili kila kitu kikakaa sawa. Mashine nyingi za mtumba zina hiyo betri imechoka, kwa hiyo nakuomba sana hii usiiguse.

Hatua ya 8: ukiharibu, rudi hivi

Kama skrini ni nyeusi ila mashine imewaka, bonyeza Ctrl+Alt+F3, utapata ukurasa wa maandishi, ingia na jina lako na pasiwedi, soma nilichozima.txt kwa cat, alafu unmask na enable ulichozima mwisho, kisha sudo reboot. Mara nyingi inaishia hapo.

Kama hata hapo hufiki, washa mashine ukiwa umeshika Shift kwa hizi za zamani, au gongagonga Esc kwa za UEFI, mpaka GRUB, ile menyu ya kuwashia mfumo, itokee. Chagua Advanced options, kisha mstari wenye recovery mode, ndani yake chagua root. Kama diski inakataa kuandikwa:

mount -o remount,rw /

Alafu rudisha servisi zako. Ukiwa umesahau ulichogusa linganisha na lile faili la hatua ya kwanza:

systemctl list-unit-files --state=enabled > /tmp/sasa.txt
diff /home/jina_lako/kabla.txt /tmp/sasa.txt

Mistari inayoanza na alama ya < ndo ilikuwepo mwanzo na sasa haipo, hizo ndo za kurudisha. Na sababu ya kugoma unaisoma kwa journalctl -b -p err, shuka mpaka chini uone nani analalamika.

Hiyo diff ifanye pia kila ukihamia toleo jipya la mfumo. Servisi zinabadilishwa majina na mpya zinaongezwa, tracker uliyoifungia jana kesho inakuja ikiitwa localsearch (hiyo ni ya mtumiaji, haimo kwenye diff, itafute kwa systemctl --user). Zile zilizoanza na alama ya > ni wageni, zipime kama tulivyofanya hatua ya pili, na asiyekugharimu kitu mwache alale.